Bunduki ya upepo ya baba mkubwa: inakozaliwa, inavyoishi, inakoishia

Siku ya kuanua matanga ya baba mkubwa, wageni walipokwisha kuondoka, sisi watoto tuliingia stoo kupanga vitu. Nyumba iko nje kidogo ya Tukuyu, upande wa mashamba ya chai, na stoo yake siku zote inanuka mahindi makavu na moshi wa jikoni. Nyuma ya magunia, kwenye kona ambayo mwanga haufiki, tukaikuta bunduki yake ya upepo. Ilikuwa imeviringishwa kipande cha kanga, mtutu juu, kitako kimekaa kwenye sakafu ya udongo.

Kikao kikafanyika palepale mlangoni. Kaka yangu, ambaye anauza vipuri Mwanjelwa, alisema ipelekwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, maana kilo tatu za chuma ni hela ya mboga. Mdogo wetu wa mwisho aliiomba akafukuzie ndege kwenye mpunga wake Mbarali. Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage. Aliinua uso akauliza, "Kwani hiyo nayo ni silaha, wanangu? Si ya kupigia njiwa tu?"

Hakuna aliyemjibu vizuri siku ile. Nimejaribu kumjibu tangu hapo, na jibu limekuwa refu kwa sababu bunduki ya upepo ina maisha marefu. Inazaliwa kwenye tanuri, inafika kijijini, inaweza kukaa miaka hamsini mikononi mwa watu wawili watatu, kisha inakufa. Sisi tulikuwa tunabishana juu ya kile tulichokiona, yaani mtutu na kitako. Sehemu kubwa ya mzigo aliotuachia baba mkubwa ilikuwa nje, chini ya migomba, na hakuna aliyeitaja.

Nguvu inatoka wapi

Yeyote aliyewahi kujaza upepo baiskeli anaijua bunduki hii nusu. Ziba tundu la pampu kwa kidole gumba, kisha sukuma mpini kwa nguvu. Utaona mambo mawili: hewa inagoma na kukisukuma kidole chako, na ncha ya pampu inapata joto. Bunduki ya aina ya baba mkubwa ni pampu hiyohiyo, ila kazi ya mkono inafanywa na springi.

Ukiukunja mtutu kwenda chini, unairudisha pistoni nyuma na kuikandamiza springi nene mpaka pistoni inanaswa na ndoano ya triga. Unatia punje ya risasi nyuma ya mtutu, unaufunga. Mpaka hapo hewa iliyo mbele ya pistoni ni ya kawaida kabisa. Wengi hudhani bunduki hii inatunza upepo ndani yake, kumbe kinachotunzwa ni nguvu ya springi. Ukivuta triga, springi inafyatuka, pistoni inakwenda mbele kwa kasi, hewa inabanwa kwenye kijitundu chembamba, inapata joto kali na kuirusha punje nje. Yote hayo yanakwisha hujapepesa jicho.

Punje ya kawaida ina kipenyo cha milimita 4.5 na uzito wa kama nusu gramu. Ikitoka kwa mita 200 kwa sekunde, jambo ambalo bunduki nyingi za springi hulifikia bila shida, hiyo ni kilomita 720 kwa saa. Ndiyo maana Uingereza, bunduki ndefu ya upepo ikizidi nguvu ya jouli (kipimo cha nishati) 16 na ushei, inahesabiwa sawa na bunduki ya baruti na mwenye nayo lazima awe na cheti. Ujerumani mpaka wao ni jouli 7.5. Nguvu hiyo haimwangushi nyati, lakini inapasua ngozi, inapofua jicho, na imewahi kuua watoto. Kwa hiyo ndiyo, mama. Ni silaha.

Zipo aina nyingine ambazo hutunza upepo kweli. Moja hujazwa hewa kwenye mtungi wake mpaka baa 200 au zaidi, wakati tairi la gari dogo hujazwa kiasi cha baa 2 tu. Nyingine hutumia kichupa cha chuma chenye gramu 12 za kabonidayoksaidi. Na wazo lenyewe ni la kale kuliko watu wengi wanavyofikiri. Jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya upepo iliyobuniwa na Bartholomäus Girandoni karibu na mwaka 1780, yenye mtungi wa hewa ndani ya kitako na uwezo wa kupiga risasi 20 hivi mfululizo. Wakati huo askari wa baruti alikuwa bado anashindilia risasi moja moja kutoka mdomoni mwa mtutu, kama wanavyofanya wenye magobore hadi leo.

Chuma, mti na kutu nyeusi

Juu ya silinda ya bunduki ya baba mkubwa kuna mchoro uliosuguliwa na vidole mpaka umeanza kufifia: mwanamke ameinua bunduki juu ya kichwa, upinde na mshale anavitupa. Ni alama ya Diana, jina la mungu wa kike wa uwindaji wa Warumi wa kale. Kiwanda chake kilianzishwa mwaka 1890 katika mji wa Rastatt, Ujerumani. Namna ilivyofika Rungwe ni hadithi fupi. Baba mkubwa alikuwa karani kwenye shamba la chai, bosi wake mmoja alipomaliza mkataba na kurudi kwao akamwachia pamoja na karatasi zake.

Kutengeneza kitu kama hiki huanza na mawe. Mawe ya chuma huyeyushwa kwa makaa ya mawe, chuma kinachopatikana kinasafishwa kuwa chuma cha pua, kisha kinavutwa kuwa fito. Fito ya mtutu inatobolewa kwa keekee ndefu na kulainishwa ndani. Halafu inachorwa mifereji inayozunguka kama njia ya kupanda Milima ya Livingstone, zamu baada ya zamu. Mifereji hiyo ndiyo huifanya punje izunguke na kwenda moja kwa moja bila kuyumba. Viwanda vingine huchonga mifereji kwa kuvuta chombo chenye meno ndani ya tundu. Vingine huingiza ufito mgumu wenye umbo la mifereji, kisha mashine inaugonga mtutu kutoka nje mpaka chuma kinakubali umbo.

Springi ni kazi nyingine. Waya wake una kaboni nyingi, unaviringishwa, unapashwa moto kwa kipimo ili uondolewe mkazo, kisha ncha zake zinasagwa ziwe bapa. Ubora wa bunduki ya aina hii uko zaidi kwenye springi na washa, kile kizibo cha hewa mbele ya pistoni, kuliko kwenye mtutu, hata kama mtutu ndio unaosifiwa dukani.

Kuhusu weusi wa mtutu, niliamini tangu utotoni kwamba ni rangi. Kumbe ni kutu, ila kutu ya makusudi. Chuma kinachovywa kwenye chumvi za moto, juu yake kunafanyika utando mwembamba wa oksidi nyeusi, ambayo hushika mafuta na kuizuia ile kutu nyekundu isiingie. Oksidi hiyo ndiyo magnetaiti, madini yaleyale yaliyomo kwenye mawe meusi ya Liganga, kule Ludewa, mawe yanayovuta sumaku. Liganga ina chuma, Mchuchuma jirani yake ina makaa ya mawe, na kwa miaka mingi tumekuwa tukisikia habari za kuviunganisha. Nilipolielewa hili nilikaa nikiitazama ile bunduki kwa jicho jingine. Koti lake jeusi lingeweza kutoka milimani kwetu.

Nyanda za juu hizi hazikuwa geni kwa kazi hiyo hata kabla ya meli za Ulaya. Wafipa walijenga malungu, tanuri za udongo zilizopita urefu wa mtu, wakayeyusha mawe kwa mkaa wa miti. Wapangwa na Wakinga nao walikuwa wahunzi wa kutegemewa, na majembe yao yalifanya biashara mbali.

Kitako kwa kawaida ni mti mgumu wa Ulaya, hasa ule unaoitwa beech kwa Kiingereza. Lazima ukaushwe kabisa kabla ya kuchongwa, la sivyo hupinda na skrubu kulegea. Kitako cha baba mkubwa kilipasuka mwaka fulani, na seremala alikitengeneza kipya kwa paina ya Sao Hill. Hakikumaliza masika mawili. Paina ni laini, na mshtuko wa springi unaufungua mti kwa kufuata nyuzi zake. Cha tatu kilikuwa cha mninga, na ndicho kilichopo hadi leo.

Maisha yake Tukuyu

Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu hauhesabiwi humo. Chuma huku kinaliwa. Kila Jumapili baada ya ibada baba mkubwa aliipangusa bunduki kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, kuanzia mdomo wa mtutu mpaka bawaba. Hakuruhusu mtu aishike mtutu kwa mkono mtupu, kwa kuwa jasho la kiganja lina chumvi. Alama ya vidole ukiiacha leo, wiki ijayo unaikuta imechorwa kwa kutu.

Siku moja alinichukua kwenda Mbeya mjini kwa fundi wa bunduki mwenye leseni, kwa sababu punje zilikuwa zinaanguka njiani. Nilikuwa darasa la tano. Fundi hakuifungua kwa pupa. Aliifunga kwenye jiliwa ndefu, akaikaza springi, akatoa pini, kisha akaanza kulegeza taratibu, robo mzunguko, robo mzunguko. Alinionya nisimame pembeni, nisikae nyuma ya silinda. "Hii ikichomoka, mwanangu, inapita kwenye ubao ule," alisema, akionyesha mlango.

Kilichotoka ndani kilinishangaza kwa udogo wake. Mbele ya pistoni kulikuwa na washa ya ngozi yenye umbo la kikombe, imekauka na kuchanika ukingoni. Ni ndugu wa ile washa ya pampu ya baiskeli. Hewa ilikuwa inapita kwenye ule ufa. Fundi alikata nyingine, akailoweka kwenye mafuta, akaturudishia bunduki baada ya siku mbili. Bunduki za sasa hutumia washa za plastiki ngumu ambazo hazihitaji kulowekwa, lakini nazo zina mwisho wake.

Mambo mawili huua bunduki hizi mapema, na yote mawili nimeyaona. La kwanza ni kuifyatua ikiwa tupu. Punje iliyomo kwenye mtutu ndiyo inayoifanya hewa iwe mto wa kuipokea pistoni, na pasipo punje pistoni inagonga chuma kwa chuma. Watoto wanapenda kufanya hivyo kwa sababu inatoa mlio. La pili ni kutia mafuta ya taa au ya kupikia ndani ya silinda ili "iongeze nguvu". Kumbuka lile joto la pampu. Hewa ikibanwa ghafla, mafuta hulipuka kama kwenye injini ya dizeli. Unasikia mshindo, unaona moshi mdomoni mwa mtutu, na kijana aliyeitia anafurahi kwamba imepata nguvu. Springi inavunjika, washa inaungua, na siku nyingine kinachopasuka kiko karibu na shavu lake.

Risasi na risasi

Lugha yetu imeliweka jambo hili wazi muda wote. Tunasema risasi tukimaanisha kile kinachotoka kwenye bunduki, na tunasema risasi tukimaanisha madini laini ya kijivu. Ni neno moja kutoka Kiarabu, na asili yake ni madini. Kila tunapotaja kitu kinachorushwa, tunataja pia sumu kilichotengenezwa nayo.

Baba mkubwa alikuwa na mahali pake pa shabaha. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shina nene la mgomba uliokwisha kuzaa, na juu yake alibandika kipande cha boksi chenye duara la mkaa. Mgomba ni shabaha nzuri. Ni laini, una maji, punje inazama wala hairudi. Shina lilipochakaa lilikatwakatwa na kuachwa palepale kuwa mbolea, likachaguliwa jingine. Jumapili jioni tulipanga foleni, kila mtoto punje tano, yeye akiwa amesimama nyuma yetu na mkono begani.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Kopo la punje 500 lina gramu 250 za risasi. Alimaliza kopo moja kila miezi miwili, na alifanya hivyo kwa miaka 25. Makopo sita kwa mwaka ni kilo moja na nusu. Kwa miaka 25 ni kilo 37 na nusu, yaani robo tatu ya mfuko wa saruji. Shina lilioza, risasi haikuoza. Yote ilikuwa kwenye eneo lisilozidi ukumbi wa nyumba, na juu yake mama mkubwa alikuwa amepanda mchicha na figiri kwa sababu udongo wa pale ulikuwa umelainika kwa mbolea.

Nilikwenda na jembe kuona kwa macho yangu. Sikuhitaji kuchimba hata kiganja. Punje zilitokea zikiwa na ganda jeupe la unga, ambao ndio risasi iliyoanza kuungana na hewa na maji ya udongo. Mkono wangu ulibaki na weupe ule. Pembeni kuku walikuwa wanapekua, na kuku humeza vijiwe ili firigisi isage chakula. Hawezi kutofautisha kijiwe na punje. Punje ikikaa kwenye firigisi inasagwa pole pole na kuingia kwenye damu. Ndivyo bata na ndege wengi wa porini wanavyokufa mahali penye uwindaji mwingi.

Udongo wa kwetu unazidisha tatizo. Chai inastawi Rungwe na Mufindi kwa sababu udongo una tindikali na mvua ni nyingi, na tindikali ndiyo inayoifungua risasi itoke kwenye punje na kushika udongo. Ndizi zenyewe huchukua kidogo sana. Mboga za majani na za mizizi ndizo za kuogopa, pamoja na vumbi linalobaki juu yake, na zaidi ya yote mkono wa mtoto anayecheza pale kisha anautia mdomoni.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto inagusa ubongo unaokua: anakuwa mzito wa kujifunza, mwepesi wa hasira, na hakuna dalili ya nje ya kumwonyesha mzazi. Dunia ilihangaika miongo kadhaa kuitoa kwenye petroli ya magari, na nchi ya mwisho kuacha ilikuwa Algeria mwaka 2021. Sisi tulikuwa tunaizika wenyewe, kwa upendo, Jumapili baada ya ibada. Hilo limeniuma kuliko yote, kwa sababu baba mkubwa alikuwa mtu mwangalifu mno. Angejua, angeweka sanduku la mbao lililojazwa matambara nyuma ya shabaha, na punje zote zingerudi kwenye kopo. Zipo pia punje za bati zisizo na risasi kabisa. Ni ghali zaidi, lakini zipo.

Kuizika

Kaka yangu aliposema chuma chakavu, hakuwa amekosea juu ya chuma. Mwisho mzuri wa chuma hiki ni tanuri la umeme, linaloyeyusha vyuma vikuukuu kuwa nondo kwa nishati pungufu sana kuliko kuanzia kwenye mawe. Alikosea juu ya njia. Bunduki haiuzwi kwa mtu wa mkokoteni. Ikiwa springi imekazwa na kijana akaikata kwa grainda, ni ajali. Ikiwa ni ile ya mtungi wenye hewa, ni bomu dogo. Na isipokatwa, kesho iko mikononi mwa mtu asiyejulikana.

Haikuwa pia ya kumpa mdogo wetu. Kibali cha silaha ni cha mtu, hakirithiwi kama shamba, na tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi. Anayekwambia kwamba isiyo na baruti haiwahusu polisi, usimsikilize, nenda kawaulize wenyewe. Tena kwelea kwelea wa Mbarali huja kwa maelfu kwa maelfu. Punje moja moja ingemsaidia nini?

Tulipiga simu kituoni kwanza, kabla ya kuitoa nyumbani, tukaelezwa namna ya kuileta. Tulihakikisha haina punje na springi haijakazwa, tukaifunga kwenye turubai, tukaenda na mwenyekiti wa kijiji na karatasi za zamani. Askari aliandika namba iliyochongwa kwenye silinda, akatupa hati ya mapokezi, mama mkubwa akatia sahihi. Asiye na karatasi asikate tamaa. Mara kwa mara Wizara ya Mambo ya Ndani hutangaza kipindi cha msamaha cha kusalimisha silaha kwa hiari, na anayesalimisha ndani ya muda huo hashtakiwi kwa kumiliki bila kibali.

Risasi ndiyo iliyotuchukua siku. Tuliwatoa watoto nyumbani, tukavaa glavu na barakoa, tukaulowesha udongo ili vumbi lisipae, tukaupitisha kwenye chekeche la mchanga. Kijana mmoja jirani alitaka tumpe aziyeyushe awapelekee wavuvi wa Matema watengeneze chubwi za nyavu. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, jiko la mkaa linatosha, na ndiyo sababu watu huifanyia jikoni. Moshi wake unaingia mapafuni na majivu yake yanatua kwenye sufuria. Tulimkatalia, tukamweleza sababu. Udongo uliobaki tuliutia chokaa ya kutosha ili kupunguza tindikali, tukapanda majani ya kufunika ardhi yasiyoliwa na mtu wala mfugo. Mchicha umehamia mbele ya nyumba, na banda la kuku liko upande wa pili wa kisima.

Kwa chekeche tulipata kilo 11, nyingine bado ziko chini. "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mama mkubwa aliniambia nilipomwonyesha, kisha akauliza kama baba mkubwa alijua. Nilimwambia hakujua. Kopo limefungwa kwa waya na kuandikwa SUMU kwa rangi nyekundu. Liko juu ya dari, linangoja gari la kaka liende Mbeya, kwa mnunuzi wa betri chakavu mwenye kibali cha taka hatarishi.